Mkono Ukishuka

Kijiwe chenyewe hakikuwa na makuu. Taruma moja la reli, gogo zito jeusi ambalo Mzee Alois alipewa siku aliyostaafu akalileta kwa mkokoteni, lilikuwa limelazwa juu ya mawe kwenye ukuta wa duka la Popatlal, Ng'ambo, Tabora, pale ambapo barabara ya zamani ya kwenda Ujiji inapita karibu na shule. Mbele ya taruma palikuwa na birika la Saidi juu ya makaa, vikombe ndani ya ndoo ya maji, na kashata kwenye sinia kama sukari imepatikana. Kila siku baada ya alasiri walikaa hapo watu wale wale. Alois waliyemwita Stesheni, kwa kuwa alizeeka akiongoza treni pale Kaliua. Twalibu fundi cherehani, jina lake Futi, maana utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata siku ya Idi. Popatlal mwenyewe waliyemwita Robo, kwa sababu tangu bidhaa zianze kuadimika hakukubali kumuuzia mtu kitu chochote zaidi ya robo kilo. Na Saidi mwenye kahawa, jina lake Msafara, kwa kuwa babu wa babu yake aliongoza wapagazi, na hakuna siku aliyoiacha ipite bila kuwakumbusha. Walikuwa watu wema. Kasoro yao ilikuwa moja tu, kwamba hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumaliza sentensi pale bila mwenzake kuidakia.

— Kesho naitwa shule, alisema Alois kabla hata hajakaa.

— Umri huo? akauliza Futi. Basi serikali imeshamaliza watoto, sasa inaandikisha wastaafu.

— Siitwi mimi. Ni mambo ya Josepha.

— Josepha yule mjukuu wako? akasema Robo. Yule anayekuja dukani kununua chumvi akaondoka ameniambia habari za mtaa mzima?

— Huyo huyo. Ila siku hizi hasemi.

— Hasemi? Anaumwa?

— Haumwi. Amefunzwa.

Josepha alikuwa darasa la kwanza. Mama yake, binti wa Alois, alikuwa kijiji cha Ujamaa huko upande wa Urambo akilima tumbaku, na mtoto alimwacha mjini kwa babu na bibi ili asome. Ulikuwa mwaka ule serikali ilipotaka kila mtoto wa nchi hii awe shuleni, na watoto kweli waliingia, wakajaa mpaka darasa likakosa pa kukanyaga. Madawati hayakutosha, kwa hiyo kila mtoto alikuja na tofali lake la kukalia. Juma lililopita Mwalimu Koleta alikutana na Alois njiani, akamsalimu kwa heshima zote, akamwambia kwamba Josepha ana akili sana, lakini akiulizwa Batuli anajibu Josepha, akiulizwa Eustace anajibu Josepha, na asipoulizwa mtu Josepha anajibu vile vile. Akamwomba amsaidie huko nyumbani. Amkumbushe tu anyooshe mkono na angoje zamu yake.

Hayo yalikuwa maneno ya upole, na upole ndio uliomtisha Alois. Huko reli wakubwa wakianza kukuuliza habari za watoto, ujue kazi huna. Akajua kinachofuata ni Josepha kuambiwa arudi nyumbani angoje mwaka mwingine, na tofali lake alikalie mtoto wa mtu mwingine. Angemwambia nini mama yake? Alois mwenyewe alitolewa shule ya misheni akiwa mdogo akachunge ng'ombe, na jambo hilo lilikuwa bado linamuuma hata baada ya mvi.

— Nimemfunza mwenyewe, akawaeleza wenzake, kwa utaratibu wa reli. Pale Kaliua treni ya Kigoma na ya Mpanda zinaachana. Ukifanya mchezo zinakutana. Kwa hiyo kuna nguzo, na nguzo ina mkono wa chuma. Mkono ukinyooka hivi...

Akanyoosha wa kwake mbele, umelala sawasawa.

— ...treni isimame, hata kama ndani amepanda waziri. Mkono ukishuka, pita. Basi nikamwambia Josepha, ukitaka kusema nyoosha mkono wako juu, hapo unaomba njia. Halafu mtazame mkubwa. Mkono wa mkubwa ukinyooka, kimya. Ukishuka, sema.

— Na asipofuata? akauliza Msafara, akimmiminia kahawa.

— Nikamwambia ukweli wa kazi. Treni ikipita kabla mkono haujashuka, watu wanakufa. Na neno ni hivyo hivyo.

— Ulimwambia watu watakufa?

— Nilimwambia ukweli wa kazi.

— Mtoto wa darasa la kwanza, Stesheni, akasema Robo.

— Na ameshika. Nyumba imetulia, unasikia mpaka uji ukichemka.

Hapo alisema kweli, lakini hakuimaliza kweli yenyewe. Zamani, yaani juma lililopita, Josepha alikuwa akirudi shule anaanza kuzungumza tangu mlangoni: nani amelia, nani ameanguka na tofali lake, nani amelamba chaki. Alois alikuwa akimwambia nyamaza mtoto, huku anasogeza kiti karibu asikie vizuri. Sasa anasogeza kiti na hakuna kitu. Aliikosa ile kelele kuliko alivyotaka mtu ajue, na kijiweni kwa watani wake si mahali pa kusema jambo kama hilo.

— Sasa kama ameshika, akauliza Futi, unaitiwa nini?

— Hapo ndipo sijui. Salamu zimeletwa na mtoto wa jirani, eti Mwalimu Koleta anataka kuniona. Nikamuuliza Josepha, mwalimu ana lipi? Akanitazama mikono tu. Nami mikono nilikuwa nimeifunga mgongoni. Nadhani huko darasani bado anadakia. Nyinyi mna watoto, mna wajukuu. Nipeni la kumwambia mwalimu, asije akanirudishia mtoto.

Kukiomba ushauri kijiwe kile ilikuwa sawa na kufungua ghala mbele ya kuku. Wote walisogea.

— Sikiliza, akaanza Futi. Tatizo ni sare. Mimi nashona sare za shule ile, naijua. Shati lina mikono mifupi, limepwaya, mtoto yuko huru mno, anaona yuko kwenye ngoma. Mwalimu akitaka utulivu, mimi nibane bega, nipandishe kola mpaka hapa chini ya kidevu...

— Kola na mdomo wapi na wapi? akadakia Robo.

— Kola ikibana, kidevu hakishuki. Kidevu kisiposhuka, mdomo haufunguki. Jaribu.

Robo akajaribu. Msafara naye akajaribu. Wakakaa pale wameinua videvu kama wanaotafuta mvua, na kweli kwa muda mfupi hapakuwa na aliyesema neno.

Wakati huo huo Josepha akatokea kwenye kona ya duka, anakimbia, sare ya shule bado mwilini. Akasimama mbele ya taruma, akavuta pumzi, akanyoosha mkono wa kulia juu. Hakusema kitu.

— Huyu hapa mwenyewe, akasema Futi. Mbona hasalimii?

— Anaomba njia kwanza, akasema Alois, na kifua kikamjaa. Si niliwaambia? Nimemwagiza afanye mazoezi popote atakapokuwa. Amekuja kufanya mbele ya wazee.

— Hata shikamoo inaombewa njia?

— Kila neno.

— Marahaba, akasema Robo, akiuitikia mkono.

Wakacheka. Alois naye akacheka, akanyoosha mkono kumwonyesha mjukuu wake kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake mnadani.

— Mwoneni. Umenyooka, hautikisiki. Hata Kaliua kulikuwa na nguzo zilizopinda kuliko huyu.

Josepha akautazama mkono wa babu, akakaza midomo. Alois akaushusha kuchukua kikombe, na mtoto akafungua mdomo. Lakini Futi alikuwa ameshasimama na utepe wake.

— Usishushe, mama, tulia hapo hapo. Kutoka kwapani mpaka kwenye kidole, tuone.

— Wewe, usimguse, akasema Alois, na mkono wake ukanyooka tena kumzuia.

Mtoto akafunga mdomo.

— Nampima tu. Nitashona sare yenye mkono wa kulia mrefu na mgumu, ndani nimetia ujiti. Mtoto akikaa, mkono uko juu wenyewe. Mwalimu hana kazi tena.

— Na ataandika kwa mkono gani? akauliza Msafara.

— Kwa wa kushoto.

— Na atakula kwa upi?

— Bwana, hapa tunazungumzia darasa, hatuzungumzii mgahawa.

Robo akaweka kikombe chini. Alizaliwa Tabora, baba yake alizaliwa Tabora, na alikuwa na mazoea ya kuanza maneno yake kwa sauti ndogo sana ili watu wamsogelee.

— Nyinyi mnahangaika na nguo, akasema. Shida ni mgao. Watoto ni wengi, maneno ni mengi, muda ni mdogo. Unafanya kama sukari. Asubuhi watoto wapange foleni, mwalimu ampe kila mmoja maneno yake ya siku, robo, robo. Akiyamaliza kabla ya saa nne, shauri yake, anyamaze mpaka mgao wa kesho.

— Na mtoto wa balozi wa nyumba kumi? akauliza Futi.

— Naye robo.

— Si kweli. Mtoto wa balozi atapata kilo nzima, na wewe unajua. Halafu maneno yataanza kuuzwa kwa mlango wa nyuma.

— Mlango wa nyuma wa wapi?

— Mimi sikutaja duka la mtu.

Robo alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi Msafara ampige mgongoni. Josepha alikuwa bado amesimama. Sasa mkono wa kushoto ulikuwa umekuja kuushika wa kulia kwenye kiwiko, ukiusukuma juu.

— Anaegemeza, akasema Msafara. Stesheni, hiyo inaruhusiwa?

Alois akamtazama mtoto kwa jicho la kazi.

— Inaruhusiwa. Hata nguzo za Kaliua zilikuwa na waya wa kuzishikilia.

— Mimi naona ni udanganyifu, akasema Futi. Mkono mmoja unaomba, mwingine unatetea. Hapo kuna maombi mawili.

— Basi ana maneno mawili, akasema Robo.

— Au neno moja refu.

Wakalijadili hilo kwa muda, kama kuegemeza ni halali au si halali, na kama ni halali, ni kuanzia dakika gani. Hakuna hata mmoja aliyesema huyu mtoto ana nini. Alois mwenyewe wazo lilimpitia kichwani, kwamba mazoezi haya yamekuwa marefu, lakini Msafara alikuwa ameshaanza, na Msafara akianza lazima umshike mapema.

— Njia hii mnayoiona, akasema Msafara, akiielekezea barabara kijiko chake, babu wa babu yangu aliipita na watu mia...

— Jana walikuwa sitini, akasema Futi.

— Watu mia, mstari mmoja, hakuna kelele. Kwa nini? Mbele yuko kirangozi na bendera, na hakuna wa kumpita kirangozi. Hilo moja. La pili, kila mtu ana mzigo kichwani. Mtu mwenye mzigo kichwani haropoki, maana taya likicheza, kichwa kinacheza, kichwa kikicheza, mzigo unaanguka. Sasa hawa watoto si wana matofali? Mnakaliaje dawa? Tofali lisikaliwe, litiwe kichwani.

— Darasa zima?

— Darasa zima. Na mwalimu na lake.

— Na mwalimu asiseme?

— Aseme polepole. Na kila mwisho wa mwezi shule nzima itoke, ishike njia hii mpaka Ujiji, irudi. Mtoto atakayerudi kutoka Ujiji kwa miguu huna haja ya kumfundisha adabu.

— Babu wa babu yako alirudi na adabu? akauliza Robo.

— Alirudi na wake wawili.

— Ndiyo hiyo adabu tunayoitafutia darasa la kwanza?

— Nyamazeni, akasema Futi, aliyekuwa amesimama tena. Nimeipata. Mimi nimeipata. Hatujafuata siasa ya nchi, ndiyo maana tunapotea. Kwa nini mtoto mmoja awe na maneno mengi na mwingine hana? Josepha ana maneno ya kujaza gunia, Eustace mtoto wa jirani yangu hana hata moja, akiulizwa jina lake analia. Hiyo ni haki? Maneno yawe ya wote. Asubuhi kila mtoto akabidhi maneno yake yote kwa mwalimu, yatiwe kwenye kapu moja la kijiji, halafu yagawiwe sawa kwa sawa.

— Na anayeficha? akauliza Msafara.

— Anayeficha ni bepari wa maneno.

— Basi wewe, Futi, akasema Robo, ungetaifishwa siku ile ile ya kwanza.

Wote walisema kwa pamoja sasa. Futi alikuwa akipanga kapu litakaa wapi, Robo akidai kapu linahitaji mzani, Msafara akisema Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika kwa jambo hilo hilo, kila nchi ilikuja na maneno yake na hakuna aliyeyatia kapuni, na Alois akipaza sauti kuliko wote, mkono wake mbele, akisema dawa ni moja tu, ubao uwekewe nguzo na mkono wa chuma wenye rangi nyekundu. Josepha alikuwa amehama mpaka ukutani. Ameegemea, mkono bado uko juu, ila vidole vimelegea kama majani ya mboga iliyokaa juani, na macho yanahama kutoka mkono wa babu kwenda mkono wa Futi kwenda mkono wa Msafara wenye kijiko. Kila alipoona mmoja unashuka alifungua mdomo, na kabla sauti haijatoka mwingine ulikuwa umenyooka.

— Shikamooni, wazee.

Alikuwa Mwalimu Koleta, binti mwembamba wa Ntalikwa, kikapu cha daftari begani na vumbi la barabara miguuni. Walinyamaza wote kwa mara moja, kama watoto walioonwa na mkubwa, wakaitikia marahaba, wakasogea kumpisha kwenye taruma. Robo akapangusa mahali pa kukaa kwa leso yake mwenyewe. Msafara akainamisha birika, akaona linatoa matone tu.

— Karibu kahawa, mwalimu. Ila imekwisha.

— Asante, baba. Sikuja kwa kahawa.

Hakukaa. Alikuwa anamtazama Josepha pale ukutani, na mkono wake.

— Huyu mtoto anataka kusema nini? akauliza.

Lilikuwa swali dogo. Kijiwe kile kilikuwa na majibu ya kuvunjika kwa Jumuiya, ya sukari, na ya safari ya Ujiji ya babu wa babu wa mtu. Futi akamtazama Robo, Robo akatazama birika, Msafara akaanza kukiosha kikombe kisafi.

— Anafanya mazoezi, akasema Alois mwishowe, kwa sauti ambayo hata yeye hakuipenda.

— Mazoezi ya nini, babu?

— Ya adabu ya darasani. Kama ulivyoniagiza.

Mwalimu Koleta akamgeukia mtoto, akamnyooshea mkono kama anavyofanya darasani, kiganja juu, mkono umelala sawasawa.

— Josepha. Sema, mama.

Josepha akautazama mkono ule, akabana midomo mpaka ikapotea.

— Mnaona? akasema mwalimu, bila kuushusha. Hili ndilo lililonileta, sikuweza kungoja kesho. Kila siku ni hivi. Ananyoosha mkono vizuri kuliko wote. Namnyooshea wangu, namtaja jina, nangoja, nangoja. Kimya. Nikichoka nashusha mkono nimeshamwita mwingine. Wazee wangu, huyu ndiye aliyekuwa akiniamshia darasa. Joto likizidi, wenzake wanasinzia juu ya matofali, yeye ndiye anayeniuliza jambo mpaka wote wanaamka. Nilimwomba angoje zamu. Sikumwomba anyamaze. Silali nikimwaza. Amepatwa na nini nyumbani?

Alois alikuwa anautazama mkono wa mwalimu. Ulikuwa umenyooka vizuri kabisa. Maisha yake yote ya kazi aliutazama mkono kama ule kwenye mvua na kwenye vumbi, na hakuna siku aliyokosea kuusoma. Ukiwa hivyo, mtu mwenye akili zake hasogei. Mtoto alikuwa na akili zake. Alikuwa akisimamishwa kila siku mbele ya darasa zima, na aliyemfunza kusimama alikuwa babu yake. Alois akaona aibu, na chini ya aibu akaona huruma kubwa kiasi cha kumwuma.

— Mwalimu, akasema. Shusha mkono.

— Niushushe?

— Tafadhali. Polepole, mpaka chini kabisa.

Mwalimu hakuelewa, ila alikuwa amelelewa kuwatii wazee, akaushusha. Josepha akaufuata kwa macho mpaka ulipogusa kitenge. Akavuta pumzi. Kisha akamtazama babu, na Alois akaona kwamba wake mwenyewe bado uko mbele, alikuwa ameusahau hapo tangu ule ubishi wa ubao. Akaushusha. Macho ya mtoto yakaenda kwa Futi, aliyekuwa ameshika utepe umetandazwa mkono mzima.

— Futi, akanong'ona Robo. Mkono.

— Mkono umefanya nini?

— Ushushe, bwana, unazuia treni.

Futi akaushusha. Msafara akaweka kijiko chini, na birika, na kwa uhakika akaikalia mikono yake miwili. Robo akaitia yake mifukoni. Wazee wote wa kijiwe kile wakabaki wamekaa kwenye taruma mikono chini, kimya, na barabara ya Ujiji mbele yao ikawa wazi.

Josepha akaushusha wake.

— Shikamooni, akasema.

— Marahaba, wakaitikia kwa pamoja.

— Babu, bibi amesema mwalimu yuko nyumbani anakungoja, uje upesi.

Aliyeanza kucheka alikuwa mwalimu, akiziba mdomo kwa upande wa kitenge. Alikuwa amengoja pale kwa bibi mpaka bibi akaishiwa na habari za kumpa, ndipo alipoamua kuja mwenyewe. Alois hakucheka. Alipiga goti mbele ya mtoto, jambo lisilo jepesi kwa magoti yake.

— Kuna lingine?

Kumbe lilikuwepo. Uji wa mwalimu umepoa na bibi amesema ni aibu. Batuli alikula chaki juzi na mwalimu hakuona. Eustace anajua kusema jina lake, ila anaogopa, ukimshika mkono analisema. Ile hesabu ya ubaoni jibu lake lilikuwa kumi na nne, na yeye alilijua siku nzima.

— Na mkono unauma, akamalizia.

Alois akaushika, akaanza kuusugua kuanzia begani. Josepha aliwatazama wazee mmoja mmoja pale kwenye taruma, Futi, Robo, Msafara, kisha mwalimu, kama mtu anayehesabu kuku jioni.

— Babu, hakuna aliyekufa?

Futi akaanza kuuviringa utepe wake. Robo aligeuka akatazama mlango wa duka lake.

— Hakuna, mama, akasema Alois. Hata mmoja. Babu alikosea. Hiyo ni ya treni tu, na treni ziko mbali, huko Kaliua.

— Hata nikisahau kunyoosha?

— Hata ukisahau. Ukisahau, mwalimu atakukumbusha, basi, hayo ndiyo yote.

— Nitakukumbusha, akasema mwalimu. Na kesho nitakushushia mkono vizuri, uone.

Alois akainuka kwa kulishika taruma. Bado alikuwa na swali lake mwenyewe, lile aliloingia nalo kijiweni, na alilisema akitazama pembeni.

— Kwa hiyo hamtanirudishia mtoto?

— Nimrudishe kwa kosa gani, babu? Aje na tofali lake kama kawaida.

Wakaondoka, mwalimu upande mmoja na Alois upande mwingine, na Josepha katikati. Kijiwe kiliwatazama wakiishika barabara. Josepha alianza na Batuli na chaki, akaenda kwa mbuzi aliyeingia ofisi ya mwalimu mkuu, akarudi kwa chaki, akauliza kwa nini mwalimu anatoka Ntalikwa na si hapa hapa mjini, na hakungoja jibu. Njiani walikutana na watu waliomsalimu Alois kwa mkono, naye akawaitikia kwa kichwa. Alitembea mikono yote miwili ameishusha, ameibana mapajani, mpaka nyumbani.